Kokushubira si Kokugonza

Kwanza kabisa nisafishe jina langu. Mimi Evodia Kokusima, karani mstaafu wa masjala ya wagonjwa katika hospitali moja huko Muleba, sijawahi kufanya kazi Mamlaka ya Mapato. Sina ndugu wa mapato, na hakuna mtu wa mapato aliyenituma kupeleleza maduka ya Miembeni hapa Bukoba. Uvumi ule niliuanzisha mwenyewe kwa mdomo wangu. Nilikuwa nanunua sabuni, muuzaji akaniuliza, "Mama, tangu umestaafu unajishughulisha na nini?"

"Nachangia kodi," nikamjibu.

"Unachangia kodi?"

"Kwa hiari yangu. Kila asubuhi nakaa barazani kwangu Nyanga, naandika kodi, natuma. Wenyewe wanaipitia, ikiwafaa wanaipokea."

Mikono yake ilisimama juu ya sabuni. Kisha akaniandikia risiti, kwa mche mmoja wa sabuni! Tangu siku ile nikipita mtaa ule naamkiwa kwa adabu ambayo sikuizoea. Kwa hiyo, vijana wangu mnaokutana Jumamosi pale Buhembe kujifunza kuandika programu, na ambao mmeniomba niwaandikie jinsi bibi kama mimi alivyoingia humu, ushauri wangu wa kwanza ni huu: "code" ya kompyuta msiiite "kodi", semeni "msimbo". Neno lenyewe si tamu mdomoni, lakini halimtishi mwenye duka.

Mimi sikusomea kompyuta. Nilimaliza kidato cha nne, nikaajiriwa masjala, nikakaa dirishani miaka thelathini na mitatu. Kazi yangu ilikuwa kumpokea mgonjwa, kumwuliza jina, kulitafuta jalada lake kwenye makabati na kulifikisha kwa daktari kabla mgonjwa hajachoka kusubiri. Naijua harufu ya jalada lililolowana na mvua, na naijua ya jalada lililokojolewa na panya. Miaka kumi ya mwisho ililetwa kompyuta, na ndani yake programu ambayo wote tuliiita "mfumo". Ulipokuwa unafanya kazi tulisema mfumo umeamka. Ulipogoma tulimwambia mgonjwa, "Tuvumilie waitu, mfumo umelala," naye alikaa benchini bila kinyongo, maana kulala ni jambo ambalo kila mtu analielewa.

Aliyetufungia mfumo ule ni Bwana Zulfikar, ambaye Bukoba nzima inamwita Zulfi. Ana duka la vifaa vya ofisi pale Miembeni, na nyuma ya duka ana meza ya kutengenezea kompyuta. Babu yake mzaa baba alifungua duka hilo hilo. Ndugu zake karibu wote wamehama, wengine Dar es Salaam, wengine ng'ambo, na ukimwuliza yeye kwa nini amebaki anakujibu kwamba huko walikohamia hakuna senene. Kihaya chake ni kizuri kuliko cha wanangu. Juu ya meza yake kuna kopo la kahawa za kutafuna, na mgeni hafunguliwi kompyuta kabla hajatia punje mdomoni.

Siku ya kwanza nilikwenda kwake nikiwa nimefura. Mfumo wetu ulikuwa umetafsiriwa Kiswahili, na kwenye jalada la kila mgonjwa palikuwa na nafasi imeandikwa "Tarehe ya usaha". Manesi wenyewe hawakujua wajaze nini. Nilipochunguza nikagundua kwamba kwa Kiingereza neno linalotumika mgonjwa akiruhusiwa kwenda nyumbani ndilo hilo hilo la uchafu unaotoka kwenye kidonda. Mtafsiri alichagua kidonda.

"Nani aliyeandika upuuzi huu?" nikamwuliza Zulfi.

"Yeyote."

"Yeyote ni nani?"

"Dada Evodia, hii ni programu huria. Maandishi yake yako wazi, kila mtu anaweza kuyasoma, kuyachukua, na kupendekeza yarekebishwe. Aliyeandika usaha anaweza kuwa mwanafunzi wa mahali fulani aliyekuwa anasaidia kwa nia njema."

"Sasa atakayerekebisha ni nani?"

"Yeyote," akasema, akanisogezea kiti. "Kaa hapo."

Nilikaa. Nilifuta neno moja, nikaandika "kuruhusiwa", Zulfi akanionyesha namna ya kutuma. Siku mbili baadaye ukaja ujumbe kwa jina langu: "Asante, Evodia. Imeingia." Aliyeutuma ni mama mmoja aitwaye Pilar, anaishi milimani huko Bolivia, na yeye ndiye mlezi wa mradi, yaani msimamizi anayepitia kila badiliko na kuamua liingie au lisiingie. Wanangu, nilitembea korido nzima ya hospitali nikimwonyesha kila mtu, hadi mpishi. Neno moja tu! Lakini neno hilo sasa lilikuwa linasomwa kwenye kila hospitali inayotumia mfumo ule kwa Kiswahili, na mimi ndiye niliyeliweka. Sijui kama harusi yangu ilinifurahisha hivyo, na marehemu mume wangu angecheka kusikia nikisema.

Furaha ile ilinipanda kichwani. Nikatafsiri kila kilichokuwa kimebaki kwa Kiingereza, usiku na mchana, sikumwuliza mtu. Mwezi uliofuata nesi mmoja alikuja dirishani kwangu, mikono kiunoni. "Mama Evodia, nataka kutoa ripoti ya mwezi, mfumo unaniambia kimbia." Nikaenda kuangalia. Kweli, kitufe cha kuanzisha ripoti kilikuwa kimeandikwa KIMBIA, na chini yake, KIMBIA SASA. Nilikuwa nimefasiri "run" kama lilivyo kwenye kamusi ya shuleni. Kwa wiki nzima wodini wakipishana walikuwa wanaambiana kimbia sasa.

Ndipo nikatulia na kujifunza kweli. Kila Jumamosi nilipanda gari kutoka Muleba kwenda kwa Zulfi, na alinifundisha mambo ambayo sijayaona kwenye kitabu chochote. Kompyuta ikigoma itakutapikia mistari arobaini ya Kiingereza. Alinifundisha kuanza kusoma mstari wa chini kabisa, maana kwa lugha ya kompyuta tuliyoitumia, huko ndiko ilikokuwa sababu. Alinifundisha kwamba ukiitwa kuziba tundu moja la bati usipake rangi nyumba nzima, kwa kuwa mpitiaji wa kazi yako hataliona tundu lilipokuwa. Na kwa sababu ya umeme wetu tunaoujua mimi na ninyi, aliniwekea sheria: kila nikitia punje ya kahawa mdomoni, nahifadhi kazi. Hadi leo mkono wangu unahifadhi wenyewe nikisikia harufu ya kahawa.

Pilar naye alinifundisha kuandika maelezo. Kila badiliko unalotuma lazima uliambatanishe na maneno machache, na mimi nilikuwa naandika "Nimerekebisha", basi. Akanirudishia na maswali matatu: umerekebisha nini, kwa nini, na nani alikuwa anaumia? Swali la tatu nililiona la ajabu. Nikajua maana yake siku ya Kokushubira.

Hapa inabidi nieleze majina yetu kwa wale kati yenu ambao wazazi wao walihamia huku. Wasichana wengi wa Kihaya majina yao yanaanza na Koku. Kuna Kokushubira, Kokugonza, Kokuhirwa, Kokubelwa, mimi mwenyewe Kokusima. Ukisimama sokoni Muleba ukaita "Koku!" utageukiwa na nusu ya soko. Halafu kuna jambo la tarehe, na hili ni dhambi yangu mwenyewe. Wazee wetu wengi hawakuandikwa siku ya kuzaliwa. Bibi akija dirishani ukimwuliza amezaliwa lini, anakwambia alikuwa anatambaa mwaka ambao baba yake alijenga nyumba ya bati. Wewe unapiga hesabu, unapata mwaka. Lakini kadi inataka na tarehe, na nyuma ya bibi kuna foleni. Basi nikawa naandika tarehe moja Januari. Aliyenitangulia dirishani alifanya hivyo, nami nikafuata. Kwa miaka mingi niliwazalisha wazee wa Muleba siku moja, na sikuona ubaya wowote.

Sasa likaja toleo jipya la mfumo, na ndani yake kitufe kipya: "Unganisha majalada yanayofanana." Nilikifurahia sana. Mgonjwa mmoja kuwa na majalada matatu ni balaa la kila karani, na hapa mashine ilikuwa inajitolea kuyaunganisha. Ikaniandikia kwamba imepata majalada mengi yanayofanana, je, iunganishe? Nikabonyeza Ndiyo, nikaenda kunywa chai.

Jumatatu yake akaja Ma Kokushubira. Huyu ni rafiki yangu, tunaimba pamoja alto kwenye kwaya ya kanisa letu la Kilutheri, ananizidi umri kama miaka kumi, na kila mwezi alikuwa anakuja kliniki ya presha. Siku hiyo alikuwa pia na maumivu ya mkojo. Alipotoka kwa daktari alikuja dirishani kwangu, anacheka hadi machozi.

"Evodia, we Evodia! Unajua daktari kaniambia nini? Eti mimba yangu inaendeleaje!"

"Mimba gani?"

"Ya miezi mitano! Mawe, mama yangu! Nimemwambia daktari, mwanangu, aliyebaki kwangu ni jogoo tu."

Tulicheka wote wawili, na waliokuwa benchini wakacheka. Aliposhika dirisha ili acheke vizuri nikaiona bahasha ya dawa mkononi mwake. Nikasoma jina la dawa, nikaacha kucheka. Zilikuwa za salfa. Kokushubira hapatani na salfa. Miaka ya nyuma aliwahi kupewa kidonge kimoja akavimba uso na koo hadi tukadhani tunamzika, na tangu hapo jalada lake lilikuwa na onyo kwa wino mwekundu, nami mwenyewe nililiingiza onyo lile kwenye mfumo.

"Umemeza?" nikamwuliza.

"Bado, natafuta maji."

Nilitoa mkono dirishani nikamnyang'anya bahasha bila hata kuomba. Kisha nikaketi chini kwenye sakafu ya masjala, mbele ya wagonjwa.

Tulipofungua mfumo tukayaona yaliyotokea. Wanawake kumi na mmoja walikuwa wamegeuka mwanamke mmoja. Kokugonza wa miaka ishirini na sita mwenye mimba, ambaye karani mwenzangu naye alimwandikia moja Januari, Kokuhirwa mwenye kisukari, Kokubelwa aliyekwisha kufariki, wote walikuwa jalada moja, na onyo la salfa halikuwamo kwa kuwa mfumo ulibakiza maonyo ya jalada jipya zaidi. Daktari hakukosea kitu. Alisoma alichoandikiwa.

Kokushubira hakucheka tena. Alifunga khanga yake vizuri, akaniambia kwa sauti ya chini, "Evodia, mashine yenu hainijui. Sirudi hapa mpaka uniambie kwa mdomo wako mwenyewe kwamba inanijua." Nikamwambia presha yake haiwezi kusubiri. Akasema itasubiri. Na mimi namjua: akisema kwenye kwaya kwamba wimbo hauimbwi, hauimbwi.

Ushauri wa pili, kabla sijasahau: msichome makaratasi. Matroni alitaka tuyachome majalada ya zamani tupate nafasi ya stoo, nami nilikuwa nimemzungusha kwa visingizio miaka minne. Majalada yale ndiyo yaliyotuokoa. Kwa siku tatu nilikaa nayo sakafuni nikiwatenganisha akina Koku mmoja mmoja. Lakini kitufe kilikuwa pale pale. Kesho kutwa ningekuwa likizo, karani mwingine angekibonyeza, na akina Koku wangerudi kuwa mmoja.

Zulfi alifungua maandishi ya programu nyuma ya duka lake, tukatafuta tukiwa wawili, hadi tukapapata mahali penyewe. Palikuwa na mistari sita tu. Ilisema hivi: kama herufi nne za mwanzo za jina zinafanana, na jinsia ni moja, na siku na mwezi wa kuzaliwa ni sawa hata kama mwaka umetofautiana, basi ni mtu mmoja. Pembeni mwandishi aliacha maelezo kwamba makarani hukosea mwaka mara kwa mara, na kwamba herufi nne zinatosha.

"Herufi nne," nikasema. "K, O, K, U."

Zulfi akaanza kucheka kile kicheko chake cha tumboni. "Dada, huyu mtu hakuwahi kufika sokoni Muleba."

"Turekebishe hapa hapa kwetu."

"Naweza. Dakika kumi. Lakini likija toleo jipya litafuta kazi yetu. Na hospitali nyingine zenye akina Koku, nani atawaambia? Ipeleke kwa mwenyewe."

Niliandika badiliko langu kwa wiki mbili. Nilibadilisha programu ilinganishe jina zima, herufi kwa herufi, badala ya herufi nne. Nikatuma, nikijiona fundi. Pilar akarudisha, kwa upole wake. Aliuliza maswali mawili. La kwanza, jaribio liko wapi? Jaribio, kwa wasiojua, ni kiprogramu kidogo kinachoikagua programu kubwa: unakipa watu wa kubuni, unasema jibu sahihi ni lipi, na kila mtu akigusa maandishi popote duniani kinajiendesha na kupiga kelele kama jibu limeharibika. La pili ndilo lililoniuma. "Kwa nini wagonjwa wenu wengi wamezaliwa tarehe moja Januari?"

Niliandika jibu refu. Nikasema ni mambo ya zamani, ni utaratibu uliokuwapo, ni mfumo uliopita. Nikampelekea Zulfi alisome. Alisoma, akatafuna kahawa, akaniuliza, "Na aliyeandika Januari ni nani?"

"Mimi."

"Mbona humo hamna 'mimi'?"

Nilimchukia kwa kama robo saa hivi. Kisha nikafuta yote, nikaandika kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne: "Niliwaandika mimi. Hawakujua siku yao, foleni ilikuwa ndefu, nikaandika moja Januari kwa miaka yote. Sikujua kwamba siku moja mashine itaiamini." Nikatuma mbele ya dunia nzima, maana huko majadiliano husomwa na kila mtu. Nilirudi Muleba nimejiinamia ndani ya gari, nikijua kesho yake nimefutwa.

Kesho yake nilikuta ujumbe wa Pilar. Aliandika kwamba mama yake alikuwa karani wa kijiji kule milimani, na kwamba kijiji chao kizima kimezaliwa sikukuu ya Mtakatifu Yohana. Chini yake alikuwa ameandika mtu wa Nepali: kwao ni siku ya mwaka mpya wao. Mwingine akasema kwao ni moja Julai, katikati ya mwaka, ili kosa liwe dogo. Kumbe dunia imejaa makarani wenye foleni! Nilisoma nikicheka peke yangu masjala, mgonjwa dirishani akadhani namcheka yeye, ikabidi nimsomee na yeye.

Nikaanza kutengeneza jaribio. Hapa sikilizeni vizuri: jina la mgonjwa wa kweli haliwekwi hadharani, hata la kwanza, hata kwa utani, na akina Koku wengine niliowataja humu nimewabadilishia majina. Nilihitaji akina Koku wa kubuni, na kichwa kilikuwa kimechoka, nikageukia migombani. Mnajua ndizi zetu, nshakara, nyoya, enchoncho. Basi wagonjwa wangu wakawa Kokunshakara, Kokunyoya na Kokunchoncho, wote wazaliwa wa moja Januari. Zulfi alipoyaona ilibidi afunge duka kwa dakika tano.

Jaribio likapita. Nikaenda mazoezi ya kwaya kumpasha habari Kokushubira, ambaye wakati huo alikuwa amekosa kliniki moja na uso umeanza kumjaa. Nikamweleza kwamba sasa mashine italisoma jina lake lote, herufi kwa herufi.

"Kwa herufi zipi?" akaniuliza.

"Zako. Kokushubira."

"Kwa R au kwa L?"

Nikamwuliza ana maana gani.

"Shuleni waliniandika kwa R," akasema. "Mchungaji aliyenifungisha ndoa aliniandika Kokushubila. Na nesi wenu wa chanjo naye ni wa L. Sasa mashine yako ikimwona wa L, onyo langu la salfa litakuwa kwa yule wa R?"

Ndivyo ingekuwa. Mgonjwa mmoja angegawanyika wawili, na onyo lingebaki kwa pacha ambaye hajaumwa. Mimi Mhaya, ninayeandika R na L kwa kubahatisha tangu darasa la kwanza, sikuliona. Aliliona mtu ambaye hajawahi kushika kompyuta. Nikamwuliza, "Sasa wewe nikujueje?"

Akanitazama kana kwamba nimepoteza akili. "Si uniulize kama mlivyokuwa mnatuuliza zamani? Kwa nani?"

Hilo ndilo lilikuwa swali letu dirishani kabla ya kompyuta. Jina lilikuwa mwanzo tu. Akija Koku tunamwuliza: wa kwa nani? Umeolewa kwa nani? Akishataja baba, ukoo na mji alikoolewa, hakuna tena wa kufanana naye. Mfumo ulipokuja haukuwa na nafasi ya swali hilo, na sisi makarani tukaliacha kimya kimya, tukajaza visanduku vilivyokuwapo.

Niliandika upya. R na L zihesabiwe kama herufi moja wakati wa kutafuta. Tarehe moja Januari isiwe ushahidi wa lolote, na kila hospitali iweze kuweka siku yake, moja Julai au ya Yohana. Pawe na nafasi ya "kwa nani". Na mashine isiunganishe tena majalada yenyewe. Iyaweke mawili ubavu kwa ubavu na kumwambia karani amwulize mwenye jina. Na maonyo yote yabaki, ya jalada la kale na la jipya. Mara hii maelezo yangu yalijibu maswali yote matatu. Kwenye la tatu, nani alikuwa anaumia, niliacha wazi hadi nilipomwendea Kokushubira na kumwomba ruhusa, nikamweleza kwamba dunia yote italiona jina lake, jina moja tu bila ugonjwa wowote.

"Andika," akasema. "Na uandike kwa R."

Pilar alirudisha mara nne zaidi. Nafasi hapa, jina la kigezo pale, mstari huu mrefu mno. Zamani ningenuna. Sasa nilikuwa nangojea ujumbe wake kama barua. Siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, nikiwa na foleni ya watu tisa, ujumbe ukaingia: "Imeingia, Evodia. Jaribio nimeliita jina la rafiki yako."

Niliwaambia watu tisa wangoje kidogo, na sijui kwa nini lakini nikawaimbia. Wawili walijua wimbo wakanisaidia alto.

Toleo lilipofika hospitalini nilikwenda kwa Kokushubira kwa miguu. Nikamwambia kwa mdomo wangu: inakujua. Alikuja siku ya kliniki amevaa gomesi, gauni lake la kanisani, akasimama dirishani, na mbele ya wote akataka nijaribu. Nikaandika Kokushubila, kwa L. Zikatokea kadi mbili ubavu kwa ubavu, juu yake maandishi: "Muulize: kwa nani?" Nikamwuliza. Akataja baba yake, ukoo wake na mji alikoolewa, kwa sauti iliyofika wodi ya wazazi. Onyo jekundu likawaka. Presha yake siku ile ilikuwa juu, tukaishusha kwa dawa zake mwenyewe.

Nimestaafu sasa, nachangia kutoka barazani, kahawa pembeni. Jaribio lile bado linajiendesha kila mtu akigusa mistari ile, na likiharibika linaandika kwa Kiswahili, maana Pilar alikataa litafsiriwe: "Kokushubira si Kokugonza. Uliza kwa nani." Wiki iliyopita kijana mmoja, sijui hata ni wa nchi gani, alitaka kuifanya programu iende kasi zaidi, akaambulia maneno hayo kwa rangi nyekundu. Akaandika kwenye majadiliano akiuliza kwa adabu: samahani, huyu Kokushubira ni nani?

Nilimpigia simu Kokushubira mwenyewe. Alikuwa shambani, nikasikia jembe likiwekwa chini. Nikamsomea swali. Akafikiri kidogo, halafu akaniambia niandike neno kwa neno, nami niliandika hivyo hivyo, na Pilar ameliacha hapo mpaka leo:

"Mwambie mimi ni alto, sina mimba, na salfa sinywi."